Nani atamgeuza mzee saa nane ya usiku?

Lubumbashi, mji wetu wa Katanga nchini Kongo, ina watoto wengi wanaofanya kazi ya kutunza wazee ng'ambo. Pita mitaa yake ya Katuba, Kenya au Ruashi, uliza habari za kijana aliyehamia Montréal, Bruxelles au Marekani, na mara nyingi utajibiwa hivi: yuko kwenye nyumba ya wazee. Anawaogesha, anawalisha, anawabadilisha nepi, anawalaza. Wazazi waliobaki hapa wanapokea falanga na kushangaa kimoyomoyo: watu wenye mali nyingi hivyo wanakosaje mtu wa kumwogesha mama yao, mpaka aende mtoto wa Katanga? Naye mtoto akipiga simu baada ya zamu ya usiku, wimbo wake haubadiliki: huku tuko wachache.

Hilo "tuko wachache" linaeleweka vibaya pande zote mbili. Huku tunalichukua kama ushahidi kwamba Wazungu wametupa wazee wao. Kule kuna wanaoamini kwamba Afrika haina shida hiyo, maana familia ipo. Mimi naona shida ni ileile, ila kule imeandikwa kwenye karatasi na huku imelala chini ya kitanda, juu ya mkeka.

Tuanze na hesabu za kule, kwa kuwa wao angalau wamejaribu kuhesabu.

Aprili 2024 serikali ya Marekani ilitangaza kanuni: kila mkazi wa nyumba ya wazee apate angalau saa 3.48 za utunzaji kwa siku, yaani saa tatu na dakika kama 29. Katika hizo, saa 2.45 ziwe za msaidizi wa wauguzi, saa 0.55 za muuguzi aliyesajiliwa, na muuguzi wa namna hiyo awepo jengoni usiku na mchana. Kiwango hicho hakikuwa anasa. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya serikali hiyohiyo mwaka 2001 ulikuwa umeonyesha kwamba chini ya saa 4.1 kwa siku wazee wanakuwa hatarini kuumia. Hata hivyo wenye nyumba hizo za wazee walipiga kelele kwamba wafanyakazi hawapatikani. Aprili 2025 jaji mmoja wa Texas akaifuta kanuni, na Julai mwaka huo Bunge likasogeza utekelezaji wake hadi 2034.

Sasa chukua nyumba yenye wazee 100. Saa 3.48 kwa kila mmoja ni saa 348 kila siku ya Mungu, Jumapili na Krismasi zikiwemo. Zamu moja ikiwa ya saa nane, unahitaji watu 44 waingie kazini kila siku. Lakini mtu hafanyi kazi siku saba. Akifanya tano, orodha yako lazima iwe na majina 61 hivi, kabla hata mmoja hajaugua, hajajifungua, hajaenda kuzika. Nyumba yenye majina 50 itaonekana imejaa. Mgeni akifika saa nne ya asubuhi atawaona watu wamevaa sare wakipishana kwenye koridoo, atarudi kwake ameridhika. Upungufu haukai asubuhi. Unakaa usiku, na mwishoni mwa juma.

Usiku msaidizi mmoja akiachiwa wazee 30 kwa zamu ya saa nane, ana dakika 480. Zigawe: dakika 16 kwa kila mzee, kwa usiku mzima. Ndani ya hizo 16 ambadilishe nepi, ampe maji, amgeuze, amrudishe kitandani aliyeinuka kutafuta choo, amtulize anayemwita mumewe aliyekufa zamani, aandike ripoti. Wakati anahangaika na mmoja aliyeanguka, wale 29 hawana mtu.

Hapo kwenye kumgeuza nitakaa kidogo, maana ndipo masaa yanapogeuka kuwa nyama.

Mtu asiyeweza kujigeuza akilala chali, uzito wake wote unabebwa na sehemu chache: visigino, mfupa wa juu ya matako, mabega, kisogo. Ngozi ya hapo imebanwa kati ya mfupa na godoro, na mishipa midogo ya damu imefungwa. Wewe na mimi tukilala, mwili unaona usumbufu na kujisogeza wenyewe bila kutuamsha. Aliyepooza hajisogezi. Baada ya masaa machache ngozi isiyopata damu inaanza kufa, tena inaweza kuanzia ndani, karibu na mfupa, kwa hiyo unapoona kidonda juu, huenda chini yake tayari kuna shimo. Ukiongeza mkojo uliokaa kwenye nepi, na mwili uliokonda kwa kukosa chakula cha kujenga, kidonda kinakuja upesi na kinaondoka polepole mno. Kikiingia vijidudu hadi kwenye damu, kinaua. Dawa yake ya kwanza haiuzwi famasi: mtu amgeuze mgonjwa, kwa kawaida kila baada ya saa mbili. Mara kumi na mbili kwa siku, na nne au tano kati ya hizo ni usiku.

Na kumgeuza mtu mzima si jambo la mkono mmoja. Wanaojua kazi hiyo nyumbani kwetu wanatumia kikwembe, yaani kitenge: kinakunjwa mara mbili, kinapitishwa chini ya mgonjwa kuanzia mabegani hadi mapajani, mmoja anashika upande huu, mwingine upande ule, wanahesabu pamoja na kumwinua kidogo ndipo wamlaze ubavu. Wakimburuta badala ya kumwinua, shuka inachuna ngozi. Kisha mto mgongoni asirudi chali, mto mwingine kati ya magoti, na visigino vibaki vinaning'inia bila kugusa godoro. Ikifanywa vizuri, ni dakika tano hadi kumi za watu wawili. Sasa rudi kwa yule msaidizi mmoja mwenye dakika 16.

Atafanya nini? Atachagua. Na uchaguzi huo unafanana karibu kila mahali ulikochunguzwa: kinachoachwa kwanza ni kile ambacho hakuna msimamizi atakayekiona kesho. Mazungumzo yanaachwa. Kumsafisha mzee kinywa kunaachwa. Kumtembeza hadi mlangoni na kurudi kunaachwa. Vidonge na sindano vinabaki, kwa sababu vina karatasi ya kutia sahihi.

Hapa ndipo jambo linapojizungusha. Mzee aliyekuwa akienda choo kwa kushikwa mkono anavishwa nepi, maana kumpeleka kunakula dakika kumi na nepi inabadilishwa kwa dakika nne. Mzee aliyekuwa akitembea polepole anawekwa kwenye kiti cha magurudumu, chakula kisipoe. Baada ya wiki chache miguu haina nguvu tena, na choo kimesahaulika. Aliyekuwa anahitaji mkono wa kushika sasa anahitaji watu wawili wa kumwinua. Uhaba umezaa kazi mpya, na kazi hiyo mpya inawaangukia walewale wachache. Migongo inauma, wanaacha kazi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2021, ukitazama takwimu za 2017 na 2018, ulikuta wastani wa wauguzi na wasaidizi kubadilika kwenye nyumba za wazee ulikuwa 128% kwa mwaka. Maana yake, kwa kila nafasi kumi za kazi, watu wapatao kumi na tatu waliondoka ndani ya mwaka mmoja. Mzee mwenye kusahau anaamka kila wiki na kukuta uso mgeni unamvua nguo. Tunashangaa kwamba anapiga ngumi?

Jinsi nyumba inavyoporomoka pale masaa yanapoisha kabisa, ilionekana katika jimbo la Québec, Canada, mwaka 2020. Dorval, pembeni mwa Montréal, kulikuwa na nyumba binafsi iliyoitwa Herron. Korona ilipoingia mwezi Machi, wafanyakazi wengi hawakurudi kazini: wengine waliugua, wengine waliogopa. Wakuu wa afya walipofika walikuta watu wachache mno kwa wazee wapatao 130. Wazee walikuwa na kiu, na njaa, wamelala katika uchafu wao. Vifo 47 vilihesabiwa hapo katika wimbi la kwanza. Korona ilichangia, bila shaka, lakini mtu hafi kwa korona kwa kukosa glasi ya maji. Jimbo likaita jeshi liingie katika nyumba za wazee.

Kilichofuata kinafundisha zaidi ya msiba wenyewe. Kwa miaka serikali ya jimbo ilikuwa imesema watu wa kazi hiyo hawapatikani. Kiangazi cha mwaka huohuo ikatangaza inatafuta wasaidizi 10,000, ikawalipa dola 21 za Canada kwa saa wakiwa bado darasani, ikaahidi mshahara mzuri kuliko wa zamani baada ya mafunzo ya miezi mitatu. Waliojitokeza walikuwa wengi kupita idadi iliyotafutwa. Agosti, serikali ya Canada ikawafungulia njia ya ukaazi baadhi ya waomba hifadhi waliokuwa wamefanya kazi hiyo wakati wa janga. Kati ya watu wa namna hiyo kule wamo ndugu zetu pia. Kumbe watu walikuwepo. Waliokuwa hawapo ni watu wa kufanya kazi ile kwa malipo yale.

Sasa turudi nyumbani.

Sheria ya kazi ya Kongo inasema mfanyakazi asizidi saa 45 kwa juma. Juma lina saa 168. Mzee aliyepooza upande mmoja, asiyeweza kubaki peke yake, anahitaji mtu karibu saa zote 168. Gawanya: wanatoka watu karibu wanne, kwa mzee mmoja, bila kuhesabu yule wa pili anayeshika upande wa pili wa kikwembe. Nani ana watu wanne Katuba? Kwa kawaida yuko mmoja. Ni binti aliyeachika akarudi kwa baba, au mkamwana, au mjukuu wa miaka kumi na minne ambaye "atarudi shule mwakani". Masaa yake hayaandikwi popote, hayalipwi, na kwa kuwa hayalipwi tunasema kwetu hakuna uhaba.

Lopitalini ni hivyohivyo. Ingia wodi ya hospitali yoyote kubwa ya mji huu usiku, utakuta muuguzi mmoja au wawili kwa chumba kirefu, na chini ya kila kitanda mtu amelala kwenye mkeka na termosi pembeni. Mlinzi wa mgonjwa, kama tunavyomwita, ndiye anayeogesha, anayelisha bukari (ugali) au uji, anayemwaga mkojo, anayefua uani, anayekimbilia famasi na karatasi mkononi. Muuguzi akipita anamwambia, "Mama, serumu ikikaribia kwisha uniite," na mama anakesha akitazama matone. Kwa hesabu za Marekani, zile saa 2.45 za msaidizi tumemkabidhi dada wa mgonjwa. Mgonjwa asiye na ndugu mjini, basi, hana msaidizi. Atalishwa na mlinzi wa kitanda jirani mwenye huruma, au atakaa hivyo.

Lakini je, si kweli kwamba hatuna wauguzi? Hapa watu wengi wanakosea. Lubumbashi ina Taasisi ya Juu ya Ufundi wa Tiba, ile ISTM, ina shule za sekondari za uuguzi, na kila mwaka vijana wenye diploma za A2 (za sekondari) na A1 (za chuo) wanatoka. Kisha utawakuta wakiuza dawa kwenye kibanda cha famasi, wakiendesha pikipiki, wakitafuta kibarua kwenye makampuni ya migodi. Wengine wamo hospitalini kweli, wamevaa koti jeupe, lakini "hawajamekanizwa": majina yao hayajaingia kwenye mashine ya mishahara ya serikali kule Kinshasa. Asiyemekanizwa hapati mshahara wa serikali. Anaishi kwa kigawio kinachotokana na malipo ya wagonjwa, na wagonjwa wakiwa wachache au maskini, kigawio kinakuwa nauli tu. Mtu wa hivyo akichelewa kufika, au akitafuta kazi ya pili mchana na kusinzia zamu ya usiku, mimi sina ujasiri wa kumhukumu. Kama Québec ya kabla ya 2020, tunao watu. Tumekosa watu waliolipwa kusimama karibu na kitanda.

Katanga ina sababu ya ziada ya kulifikiria hili mapema kuliko sehemu nyingine za nchi. Kampuni ya migodi ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, na Gécamines iliyoirithi, zilizoesha vizazi vitatu kwamba kampuni ndiyo baba na mama: nyumba ya kampuni, unga wa kampuni, shule, lopitali. Mfanyakazi aliugua, alilazwa, hakutoa hata senti. Kisha uzalishaji wa shaba ukaanguka, kutoka tani zaidi ya 470,000 katikati ya miaka ya 1980 hadi kama 30,000 mwaka 1994, na mishahara ikakoma kwa miezi na miezi. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Walipewa kitita kimoja cha pesa, na mlango ukafungwa nyuma yao. Aliyeondoka akiwa na miaka 50 sasa amepita sabini. Hao ndio wanaoanza kupooza, kusahau, kuanguka bafuni. Na watoto ambao wangewatunza wako Kolwezi kwenye migodi, au wako Dorval wakigeuza wazee wa wengine.

Sheria haikunyamaza. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2006 kinawapa wazee haki ya kulindwa kwa hatua maalumu kulingana na mahitaji yao, na sheria ya familia ya 1987 inawadai watoto wawalishe wazazi wasiojiweza. Ila nyumba za wazee nchini ni chache, nyingi zimebebwa na masista na parokia, na kwa macho ya watu bado ni mahali pa aibu, pa mzee aliyeitwa mchawi au asiye na mtoto. Kwa hiyo familia yenye uwezo kidogo inachagua njia nyingine: mtoto wa ng'ambo anatuma dola, na msichana analetwa kutoka kijijini "kumwangalia mzee". Anakula hapo, analala hapo, analipwa kidogo. Hajafundishwa kwamba mzee aliyepatwa na kiharusi anaweza kupaliwa kwa maji mepesi, au kwamba kumlisha akiwa amelala chali ni hatari. Anafanya saa 168. Akitoroka baada ya miezi mitano tunasema wasichana wa siku hizi hawana utu. Tungekuwa tumepiga hesabu tungejua kwamba tumemwajiri mmoja kwenye kazi ya watu wanne.

Pesa zinazotumwa hununua dawa, godoro, nepi. Hazinunui masaa mpaka mtu aamue kwamba masaa ni kitu cha kununuliwa. Familia tatu za avenue moja, kila moja na mzee wake, zikiweka pamoja kile ambacho kila moja inampa msichana mmoja, zinaweza kumlipa muuguzi kijana asiyemekanizwa apite asubuhi na jioni kwenye nyumba zote tatu: aoshe vidonda, apime presha, awafundishe wasichana kugeuza. Halitoshi kwa usiku, lakini linamwondolea yule msichana sehemu ya mzigo aweze kulala. Wahudumu wa kujitolea wa maeneo ya afya, wanaopita nyumba kwa nyumba kwa habari za chanjo na malaria, nao wangeweza kuuliza swali moja la ziada: humu kuna mtu asiyeinuka kitandani?

Na siku ambapo mtu mwenye nia njema, mwanasiasa au parokia, atatangaza kujenga nyumba ya wazee Lubumbashi, msiangalie rangi ya kuta. Ombeni ratiba ya usiku. Ulizeni majina mangapi yako zamu ya Jumapili saa nane ya usiku, na nani analipwa, analipwa na nani, tangu lini.

Kwa wanaotunza mtu nyumbani leo, kuna jambo ambalo vitabu vingi vinalieleza kwa ngozi nyeupe. Vinasema tafuta wekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani vizuri. Tafuta sehemu iliyo nyeusi zaidi kuliko jirani zake, au yenye joto, au ngumu, au laini kama tunda lililochubuka, kwenye kisigino, nyonga na juu ya matako, kila siku wakati wa kumwogesha. Ukiikuta, usiisugue kwa mafuta, hata kama mama mzee wa jirani anasisitiza. Kusugua kunaua ngozi iliyokwisha kuchoka. Mlaze upande mwingine asiikandamize tena, mpe mayai au maharagwe kama anaweza kumeza, na umwite muuguzi siku hiyohiyo, ngozi ikiwa bado haijafunguka.